Bwawa Limejaa, Bomba Limekauka

Hasira za wakazi wa Randburg, kaskazini-magharibi mwa Johannesburg, zina sababu. Mwezi Machi 2024 mtaa wa Blairgowrie ulikaa siku nyingi bila maji, watu wakatoka barabarani kulalamika. Ila hasira ya haki haiifanyi kila hoja kuwa ya haki, na baadhi ya hoja zinazozunguka Randburg zinaficha tatizo badala ya kulifichua.

Ya kwanza ni kwamba Randburg ina mito yake: si tuisafishe tunywe? Ni kweli mto Klein Jukskei na kijito cha Braamfontein Spruit vinapita nyuma ya nyumba za watu. Lakini vyote vinaanzia karibu tu, kwenye mgongo wa Witwatersrand, wala havina mlima wa theluji wala msitu mkubwa wa kuvilisha. Johannesburg hupata mvua ya milimita 700 hivi kwa mwaka, karibu yote katika majira ya joto ya huko, kati ya Oktoba na Machi. Kwa Afrika Kusini nzima, kama asilimia 9 tu ya mvua ndiyo hugeuka kuwa maji ya mto. Nyingine hurudi hewani kupitia jua na mimea. Mwezi Julai, mvua ikiwa imekatika, sehemu kubwa ya maji unayoyaona kwenye mto Jukskei, unaopokea mito hiyo, kule chini kuelekea Diepsloot, ni majitaka yaliyosafishwa na kuachiwa mtoni. Anayeyahesabu kama maji mapya anaihesabu shilingi ileile mara mbili.

Maji yenyewe hutoka upande wa pili wa mgongo. Rand Water, taasisi iliyoundwa mwaka 1903, huyachota kutoka mto Vaal, huyasafisha, kisha huyasukuma kupanda zaidi ya mita 300 hadi jijini. Vaal nao haujitoshelezi: tangu miaka ya 1970 unaongezewa maji kutoka bonde la Tugela, na tangu 1998 kutoka milima ya Lesotho. Yangeachwa yafuate njia yake, maji ya Lesotho na ya Vaal yangeingia mto Orange hadi Atlantiki. Yakishatumika Randburg, hutelemkia kaskazini: Jukskei, mto Crocodile, bwawa la Hartbeespoort lililojaa magugu maji, kisha Limpopo hadi Bahari ya Hindi, pwani ya Msumbiji. Wanairobi hawatashangaa. Maji yao ya mabwawa ya Ndakaini na Sasumua hutoka bonde la Tana, na majitaka ya jiji huishia bonde la Athi.

Njia hiyo ndiyo inayobomoa hoja ya pili, ambayo husemwa na watu wenye elimu nzuri tu: kwamba maji yanayovuja hayapotei, yanarudi ardhini na mtoni. Yanarudi, lakini kwenye mto mwingine. Tone linalovuja chini ya barabara ya Randburg limeshatozwa gharama ya Lesotho, dawa za kusafishia na umeme wa kulipandisha, na Vaal haulipati tena. Kwa takwimu za shirika la maji la jiji, Johannesburg Water, karibu asilimia 46 ya maji hayaingizi mapato. Tuwe waangalifu hapa: si yote yanavuja, kwani kiasi fulani hunywewa na watu wasiolipa au wasio na mita. Lakini mabomba yaliyochoka ni sehemu kubwa ya hesabu hiyo, na jiji hili ndilo mteja mkubwa kuliko wote wa Rand Water.

Tatu: bwawa la Vaal limejaa, mbona tunaambiwa tubane matumizi? Mwishoni mwa 2024 bwawa hilo lilikuwa chini ya theluthi moja. Miezi michache baadaye lilijaa hadi milango ya mafuriko ikafunguliwa. Mwenye kupanga matumizi kwa picha ya bwawa angebadili sera kila msimu. Mfumo wa Vaal unaunganisha mabwawa 14, na unapangwa kwa uhakika wa asilimia 98, yaani upungufu utokee kwa wastani mara moja katika miaka 50. Kinachogawanywa ni kile kinachoweza kutegemewa hata mwaka mbaya, na kibali cha Rand Water kinaishia kwenye mita za ujazo milioni 1,600 kwa mwaka. Isitoshe, shida ya Machi 2024 haikutoka bwawani. Radi ilipiga mitambo ya umeme ya kituo cha kusukuma maji cha Eikenhof, na matangi ya jiji yalichukua muda mrefu kujaa tena.

Hoja ya nne, kwamba maji yanayofika baharini ni hasara, sheria ya maji ya Afrika Kusini ya 1998 imeshaijibu: kabla ya kibali chochote, hutengwa akiba ya mahitaji ya msingi ya watu na ya mto wenyewe. Limpopo pia ni wa Botswana, Zimbabwe na Msumbiji.

Basi tusubiri Lesotho, wanasema wengine. Bwawa la Polihali, linalojengwa huko, litapandisha maji yanayoletwa kutoka takribani mita za ujazo milioni 780 hadi zaidi ya milioni 1,200 kwa mwaka. Ni mengi, na yanahitajika. Lakini mradi umechelewa kwa miaka, na maji hayo yatauzwa kwa bei ya ujenzi mpya kisha kuingizwa kwenye mabomba yanayomwaga. Kukarabati kilomita za bomba chini ya Randburg hakuzinduliwi na mawaziri kwa mkasi na utepe, ndiyo maana bajeti yake huwa ya kwanza kupunguzwa.

Wenye uwezo wameshachimba visima uani na kujiona wamejitoa kwenye mjadala. Sheria inaruhusu matumizi madogo ya nyumbani bila leseni, lakini maji ya chini ya ardhi ndiyo yanayolisha vijito wakati mvua hakuna. Visima vikiongezeka bila kupimwa, Klein Jukskei utapungua bila mtu yeyote kuweza kusema ni kwa kiasi gani.