Musa hakuita polisi

Wadau, Jumapili iliyopita nilikuwa Kasumulu, nikaingia kanisani. Mhubiri akafungua Hesabu 16: Kora, Dathani, Abiramu na wakuu 250 walioinuka dhidi ya Musa, mpaka ardhi ikameza watu. Kisha akawageukia waumini waliotaka kusomewa mapato na matumizi ya ujenzi. "Msijifanye Kora," akasema. Kanisa zima kimya.

Mimi nasema hapana. Huo ni ujanja, na siyo wa makanisani tu. Wanasiasa nao wanaupenda: ukiuliza swali, wewe ni mwasi.

Hebu tusome sura yote jamani. Kora anapokuja na shutuma zake, Musa anafanya nini? Anaanguka kifudifudi. Anawaita Dathani na Abiramu. Wanapogoma, anainuka na kuwafuata mwenyewe. Anasema mbele za Mungu kwamba hajachukua punda hata mmoja wa mtu. Hayo ndiyo mapato na matumizi, mhubiri! Hukumu anamwachia Mungu. Kesho yake watu wanalalamika tena, tauni inaanza, naye anamtuma Haruni akimbilie katikati yao na chetezo ili wapone. Wale wale waliomlalamikia!

Sasa vuka daraja la Mto Songwe pale Kasumulu, uingie Malawi. Mwaka 1964, uhuru una miezi miwili tu, mawaziri vijana walimkosoa Kamuzu Banda: ada ya hospitali, ukaribu wake na Wareno wa Msumbiji, tabia ya kuamua kila kitu peke yake. Banda, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, akafukuza watatu. Wengine wakajiuzulu kuwaunga mkono. Kanyama Chiume akakimbilia kwetu Tanzania. Orton Chirwa alikamatwa mwaka 1981, akafia gerezani Zomba mwaka 1992. Banda alijifanya rais wa maisha mwaka 1971. "Maisha" hayo yaliishia kwenye sanduku la kura mwaka 1994.

Na sisi tulikuwa na Mzee Mwinyi. Miaka ya 1970 aliachia uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa sababu ya mauaji ya Shinyanga ambayo hakuyafanya kwa mkono wake. Je, alipotea? Mwaka 1985 alikuwa Rais.

Kabla hamjanipigia makofi, niwaambie na yangu. Mwezi uliopita niliandika habari ya bei ya mchele wa Kyela. Mama mmoja mfanyabiashara akanipigia: "Mwanangu, umekosea. Hiyo ni bei ya gunia la mpunga, siyo mchele." Unajua nilimjibu nini? "Mama, mimi nimesomea kazi hii chuo kikuu." Nikakata simu. Jioni nikafungua daftari langu. Ulikuwa mpunga.

Kwa hiyo pale kanisani, mhubiri alipokuwa anafoka, nilijiona mwenyewe juu ya ile mimbari. Banda mdogo mwenye daftari. Nilipotoka nilimtafuta yule mama sokoni, nikampigia shikamoo na kuomba radhi. Akacheka, akaniuliza: "Na gazetini umesahihisha?" Sikuwa na jibu. Nimesahihisha jana.

Mhubiri, zamu yako. Wasomee watu hesabu zao.

Naomba kuwasilisha.