Quito haitaki haraka
Wasafiri wengi hulala Quito usiku mmoja tu, kisha hao, Galápagos. Wanajipunja. Mji mkuu huu wa Ekwado uko mita 2,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni haba: ngazi chache tu, pumzi zinakatika. Basi siku ya kwanza tembea taratibu katika mji mkongwe, uliomo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1978, ilipoanza. Ingia kanisa la La Compañía, ambalo ujenzi wake ulianza 1605 ukamalizika 1765, dhahabu tupu kuanzia madhabahuni hadi darini; hapo kaa, hata saa nzima. Gari la kamba la mlima Pichincha, linalokaribia mita 4,000, lipande siku ya tatu, asubuhi, kabla ya mawingu.