Mali ya Dangote Haikutoka Kuzimu

Yapo mazungumzo yasiyokwisha katika kantini za kambi zetu na katika vituo vya polisi, hasa juma la mishahara. Likitajwa jina la mtu mweusi mwenye mali nyingi, mmoja atadakia kwamba huyo anafuga majini, au amemtoa mtoto wake kafara, au ameingia chama cha siri. Wa pili atasema la, ni mwizi tu kama wanamagendo wengine. Baada ya hapo soda huagizwa, na hakuna aulizaye yaliyo ya maana: mtu huyo alianza na nini, alimkopa nani, aliuza nini.

Ningependa maswali hayo yaulizwe na askari kabla ya raia yeyote. Askari ni mtu ambaye siku moja atakabidhiwa kiinua mgongo chake kwa mkupuo, fedha nyingi kuliko alizopata kuzishika maishani, na siku hiyo walaghai watakuwa wamekwisha simama langoni. Aaminiye kwamba utajiri ni miujiza ndiye anaswaye kwanza na wale waahidio kuzizalisha fedha maradufu kwa mwezi mmoja. Wako wastaafu waliolitumikia taifa miaka ishirini, wakamalizwa na watu hao katika majuma mawili.

Tumtazame basi Aliko Dangote wa Nigeria, ambaye kwa miaka mingi amehesabiwa kuwa tajiri wa kwanza katika Afrika. Alizaliwa Kano mwaka 1957. Wanaomsimulia kana kwamba aliinuka kutoka mavumbini wanakosea. Babu wa mama yake, Alhassan Dantata, aliyefariki mwaka 1955, alifanya biashara ya karanga na kola, akasifika kuwa tajiri kupita wote wa Afrika Magharibi katika zama zake. Mwaka 1977 kijana Aliko alikopeshwa na jamaa wa upande wa mama naira 500,000, na siku zile naira moja ilikuwa na thamani kuliko dola moja ya Marekani. Koplo asiye na mjomba wa namna hiyo asikubali kuambiwa kwamba juhudi peke yake ingemfikisha huko.

Lakini waliozaliwa katika majumba makubwa ni wengi, na wengi wao wameyala majumba hayo mpaka matofali. Dangote alinunua saruji, mchele na sukari kutoka nje, akauza upesi, akarudisha mkopo, akanunua tena. Hapana uchawi hapo. Ni ugavi, kazi ileile ambayo kila bwana stoo jeshini anaijua: shehena ifike bandarini kwa wakati, malori yawe mazima, ghala lisivuje, na hesabu ya mifuko iliyotoka ilingane na ya iliyoingia.

Utajiri wake mkubwa hasa ulikuja alipoacha kuwa mwagizaji akawa mtengenezaji. Mwaka 2002 serikali ya Nigeria iliweka sera kwamba watakao kuagiza saruji wajenge pia viwanda vya saruji nchini. Dangote alijenga. Kiwanda chake cha Obajana, katika jimbo la Kogi, kilifunguliwa mwaka 2007, akaendelea mpaka nchi nyingine. Hapa jirani, Mtwara katika Tanzania, kiwanda chake kilizinduliwa mwaka 2015. Wapo Wanigeria walalamikao kwamba sera zile zilimpendelea na kwamba saruji yao imekuwa ghali, na sioni kwamba malalamiko hayo ni ya kupuuzwa. Serikali ikishamfungulia mtu mmoja mlango mpana namna hiyo, ina wajibu wa kuangalia bei anayomtoza mwananchi. Hata hivyo kiwanda kinaonekana kwa macho, na watu wanalipwa mishahara humo. Kiwanda chake cha kusafisha mafuta huko Lekki, kilichozinduliwa Mei 2023, kimejengwa kusafisha mapipa 650,000 kwa siku, katika nchi iliyochimba mafuta miaka mingi huku ikinunua petroli ng'ambo.

Tena askari wengi hudhani bilionea ana chumba kilichojaa noti. Mabilioni yale kwa sehemu kubwa ni thamani ya hisa zake katika makampuni. Naira ilipoporomoka mwaka 2023, utajiri wa Dangote ukihesabiwa kwa dola ulipungua sana, ingawa hapana mtu aliyemwibia hata mfuko mmoja wa saruji.

Wa pili ni Strive Masiyiwa wa Zimbabwe, na habari yake inatugusa sisi tuvaao sare. Alikuwa mhandisi katika shirika la posta na simu la nchi yake, akatoka, akataka kuanzisha simu za mkononi. Shirika lile likashikilia kwamba simu ni haki yake peke yake. Masiyiwa alikwenda mahakamani, akahangaika na kesi na vibali kwa miaka mitano hivi, na kampuni yake ya Econet ikafungua mtandao mwaka 1998. Miaka mitano ya kusubiri karatasi! Kila mfanyabiashara mdogo asimamishwaye kwenye kizuizi cha barabarani mpaka atoe kitu kidogo, ilhali leseni yake ni halali na mzigo wake ni ndizi tu, anaonja uchungu huohuo kwa kiasi chake. Askari afanyaye hivyo kisha akaketi kantini kusema matajiri wote ni wezi, ningependa kumsikia akijieleza mbele ya afande wake.

Wa tatu nitamtaja kwa ufupi. Mo Ibrahim, mzaliwa wa Sudan na mhandisi, aliijenga kampuni ya simu ya Celtel katika nchi nyingi za Afrika kwa msimamo wa kutotoa rushwa, akawapa wafanyakazi hisa. Kampuni ilipouzwa mwaka 2005 kwa dola bilioni 3.4 za Marekani, wafanyakazi wenye hisa nao walipata fungu lao. Nchi ya kwanza Celtel kufanya kazi ilikuwa hii yetu ya Uganda, mwaka 1995. Jina hilo limekwisha ondoka; liligeuka Zain, kisha Airtel, na wengi wenu ndiyo mnayoitumia kupeleka fedha nyumbani kila mwisho wa mwezi.