Mnasubiri Apooze Kwanza?

Asubuhi moja wiki iliyopita msichana wa miaka ishirini na kitu alipiga simu redioni. Jicho lake lilianza kuona ukungu, akaandikiwa miwani. Baadaye miguu ikafa ganzi, akaambiwa amerogwa. Mwishowe kipimo cha MRI kikasema kweli: ana maltipo sklerosisi, ugonjwa ambao wenyewe huuita MS. Alichotaka kujua ni aanze na dawa ipi. Mtaalamu aliyealikwa studio, mwenye sauti nzito ya kuaminika, akamjibu kwamba yeye bado kijana na anatembea, basi aanze na dawa nyepesi au asubiri kwanza; zile kali azitunze, zitamfaa hali ikiwa mbaya. Mtangazaji akashukuru, likaingia tangazo la kubeti.

Leo nina neno na hili la kutunza dawa.

Kuitunza kwa ajili ya nini? Mwenye MS, kinga ya mwili wake mwenyewe hugeuka ikaushambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu kwenye ubongo na uti wa mgongo. Utando ukichunika, ujumbe wa ubongo hupotea njiani. Mshipa ukishakufa, haufufuki, na katika dawa zote zinazotumika leo, kali kwa nyepesi, hakuna inayomrudishia mtu mshipa uliokufa. Kazi yake ni kuzuia shambulio lijalo. Sasa dawa ya kuzuia unaiwekaje akiba mpaka cha kuzuiwa kiwe kimeshatokea?

Sisi ndio wa mwisho kustahili kuhadaika na hoja hii, kwa sababu ilishatugharimu. Mmesahau ARV? Mtu alipimwa, akakutwa na virusi, akarudishwa nyumbani kwa kuwa CD4 zake, yaani chembe za kinga, hazijashuka chini ya 200. Bado una afya, nenda, utarudi ukikonda. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likapandisha kiwango hadi 350, mwaka 2013 hadi 500, na mwaka 2015 likaachana na mahesabu hayo: ukikutwa na virusi, anza dawa. Tuliwazika wangapi waliokuwa wakingoja namba ishuke? Na sababu zilikuwa hizihizi: dawa ni kali, mwili utazizoea, usimalize silaha mapema. Leo hakuna anayethubutu kumwambia mwenye VVU asubiri akonde. Wa MS anaambiwa asubiri achechemee, na sisi wasikilizaji tunaitikia.

"Ukianza na kali, ikishindwa utabaki na nini?" jirani yangu aliniuliza, kama mtu aliyekwisha kushinda mdahalo. Nikamjibu kwamba nitabaki na miguu. Jirani huyu akipata homa usiku hufakamia antibayotiki zilizobaki kwa shemeji yake, bila kupima chochote. Ukali wa dawa humtisha anapougua mwenzake tu.

Wasweden hawakubishana barazani, walipima. Waliwachukua wagonjwa walio mwanzoni mwa MS, wengine wakapewa rituksimabu ya dripu, mojawapo ya zile kali, wengine vidonge vya dimethili fumarati, vilivyo vyepesi zaidi. Majibu yalitoka mwaka 2022: katika miaka 2, waliopata shambulio jipya kwenye dripu walikuwa 3 kati ya kila 100, kwenye vidonge 16. Na rituksimabu si maajabu yaliyoshuka juzi. Imetumika kwa saratani ya mitoki tangu 1997. Mtaalamu wetu wa redioni hakuitaja hata kwa bahati mbaya.

Kinachowapa nguvu watu wa "subiri kwanza" ni tabia ya ugonjwa wenyewe. Kwa wagonjwa wengi MS huja na kuondoka: shambulio hukaa wiki kadhaa, kisha mwili hupata nafuu, pengine kabisa, pengine nusu. Nafuu hiyo inapoingia, kila mtu hujitokeza kuidai. Mganga anasema ni mizizi yake, muuza unga wa kusafisha damu anasema ni unga wake, na Jumapili binti anapandishwa madhabahuni kutoa ushuhuda. Shambulio la pili likija hamumwoni hata mmoja wao, na binti anaulizwa imani yake imekwenda wapi.

Kuna pia wanaosema huu ni ugonjwa wa wazungu. Richard Pryor, mchekeshaji Mweusi wa Marekani, aliambiwa ana MS mwaka 1986 na akaishia kwenye kiti cha magurudumu. Tuendelee.

Kisha yupo shangazi wa binti, naye husema: aolewe kwanza, azae, dawa baadaye. Lakini MS huwapata zaidi wanawake, na wengi huanza kuumwa kati ya miaka 20 na 40, yaani miaka ileile ya kuzaa. Hilo ndilo la kuzungumza na daktari tangu siku ya kwanza. Kati ya dawa za MS, fingolimodi na kladribini hazifai mjamzito. Glatirameri imetumiwa na wajawazito kwa miaka mingi. Rituksimabu kwa kawaida hutolewa kila baada ya miezi 6, hivyo daktari na mgonjwa wanaweza kupanga mimba kati ya dozi. Shangazi akisema asubiri, anamtakia binti kulea mtoto akiwa ameshika magongo.

Dawa hizi kali zina hatari, ndiyo. Zinashusha kinga, na ndiyo sababu mtu hupimwa homa ya ini na kifua kikuu na kupewa chanjo kabla ya kuanza. Vipimo hivyo havihitaji mwaka.

Mzazi mwenye kijana aliyepewa jibu la MS, mpeleke kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu. Ukifika usiulize dawa ipi ni nyepesi. Uliza ipi itazuia shambulio lijalo, na inaweza kuanza lini. Watu wa bima wakikwambia hizo ni dawa za anasa, waambie wafungue orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023. Rituksimabu, glatirameri na kladribini zimo, kwa ajili ya MS.