Stevie Ray Mnayetuuzia ni Nusu

Wasee, ile klipu imerudi. Mnaijua. Mzungu mwenye kofia nyeusi pana, gitaa limekwaruzika hadi rangi imebanduka, jasho linamtoka, macho amefunga. Juu yake wameandika kwa herufi kubwa kwamba aliacha shule akiwa na miaka 17, na akiwa na 28 dunia ikamjua. Chini wameweka kinanda cha huzuni. Yaani umechukua mmoja wa wapiga gitaa wakali zaidi kuwahi kutoka Texas, ukamzima gitaa, ukaweka kinanda! Halafu mwisho: "Na wewe unangoja nini?"

Nimetumiwa hiyo kitu mara nne wiki hii. Ya nne ilitoka kwa kijana wa miaka 19. Anasoma diploma, anapiga gitaa kanisani, na anataka kuacha masomo kabla ya semesta ijayo ili aanzishe bendi ya blues rock, yeye mbele, jina lake kwa bango. Hakuniuliza kama ni poa. Aliniambia tu kwamba mimi ndiye nilimpa nguvu, kwa ile video yangu ya mwaka jana.

Hiyo video ilitazamwa na watu wengi kuliko kitu kingine chochote nimewahi kuposti. Ndani yake nasema niliacha kampasi mwaka wa pili ili nifuate ndoto yangu. Nimeitoa jana. Ukweli ni kwamba nilikuwa na balansi ya karo, nilikuwa na masomo matatu ya kurudia, na nilikuwa naogopa kumwambia mamangu. Ndoto ilikuja baadaye, nilipokuwa natafuta kapsheni.

Kwa hivyo hii posti si ya kumtetea Stevie Ray Vaughan. Alikufa 1990, hanihitaji. Ni ya kuwaambia wenzangu wa kontenti, mimi nikiwa wa kwanza kwa foleni: tunauza nusu ya mtu, na kuna watoto wa watu wananunua.

Tuanze na hiyo miaka 17. Ni kweli. Stevie alizaliwa Dallas, Oktoba 1954, akalelewa mtaa wa Oak Cliff, na mwisho wa 1971 aliacha sekondari akahamia Austin. Lakini angalia alichokuwa amebeba. Gitaa la kwanza alilishika akiwa na miaka saba, ka-gitaa ka kuchezea. Kakake mkubwa, Jimmie, alikuwa anapiga gitaa pale pale nyumbani, na alikuwa mkali. Stevie alirudia rekodi za kina Lonnie Mack na Albert King kwa sikio, hadi vidole vikakubali. Akapata kibarua cha kuosha vyombo kwa kibanda cha hambaga, siku moja akaanguka ndani ya pipa la mafuta machafu, akaacha hiyo kazi akaamua ni muziki tu. Manze, hiyo ya pipa ndiyo ingekuwa klipu. Hesabu basi. Kijana anaacha shule akiwa tayari na miaka kumi ya gitaa. Huyo si mtu anayeanza. Mimi wakati naacha kampasi nilikuwa na simu yenye kioo kimepasuka na miezi minne ya kuposti.

Na hakwenda Austin kuwa bosi. Alienda na bendi ya vijana wenzake, Blackbird. Akatoka, akaingia Krackerjack, hata miezi mitatu haikuisha. Mwaka 1973 akawa na Nightcrawlers, ambapo Doyle Bramhall alikuwa anapiga ngoma na kuimba. Ukisikiliza sauti ya Stevie ya baadaye unamsikia Doyle ndani yake. Walirekodi albamu, kampuni ikaikataa. Hakuna mtu anaweka hiyo kwa klipu.

Halafu akaingia Paul Ray and the Cobras. Soma hilo jina tena pole pole. Paul Ray. Si Stevie Ray. Alikaa huko zaidi ya miaka miwili, hadi katikati ya 1977, bango likiwa na jina la mtu mwingine. Jumanne baada ya Jumanne walikuwa Soap Creek Saloon, na usiku mwingine klabu zingine, kazi ya kawaida, watu wanakunywa, nusu yao hawaangalii jukwaa. Hapo ndipo mtu anajifunza vitu ambavyo hakuna video ya dakika moja itakufundisha. Unajifunza kunyamaza mwimbaji akiimba. Unajifunza kusoma bega la mpiga ngoma ujue anabadilisha lini. Unajifunza kwamba solo ya dakika tano kwa watu waliokuja kudansi ni ukorofi.

Mwaka 1975 Clifford Antone akafungua klabu yake, Antone's, akawa analeta wazee wa blues wenyewe Austin. Stevie akapata nafasi ya kupanda jukwaani na Albert King, yule yule aliyekuwa akimrudia kwa rekodi akiwa mtoto. Fikiria hiyo. Aliacha darasa, sawa, lakini mwalimu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake, na gitaa mkononi.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni hii. 1977 Stevie sasa anataka kuanzisha kitu chake. Wewe na mimi tungefanya nini? Tungetafuta watu wa kutubebea, wasiotuzidi, ili tung'ae. Yeye alimfuata W.C. Clark, mwanamuziki mweusi wa Austin, anayemzidi karibu miaka 15, ambaye wakati huo alikuwa amejitafutia kazi ya ufundi wa magari. Stevie akamfuata huko huko kazini akimbembeleza aache spana arudi kwa muziki. Ikazaliwa Triple Threat Revue. Clark besi na kuimba, Lou Ann Barton sauti, Mike Kindred kinanda. Mbele kulikuwa na watu kadhaa na Stevie alikuwa mmoja wao tu. Clark akaondoka 1978, bendi ikaitwa Double Trouble, jina la wimbo wa Otis Rush, na bado Lou Ann alikuwa mwimbaji mkuu. Ni mpaka Novemba 1979, Lou Ann alipoondoka, ndipo Stevie akabaki peke yake na ile maikrofoni ya katikati.

Alikuwa na miaka 25. Kutoka siku aliyohamia Austin, ni karibu miaka minane. Minane! Mnaitoa yote mnabaki na 17 na 28, kama mtu anayekuuzia daraja lenye ncha mbili na katikati hakuna kitu. Na W.C. Clark hayuko kwa klipu. Albert King hayuko. Hao wengi waliomfundisha walikuwa weusi, na kwa hadithi yenu wamefutwa ili kijana aonekane alijitengeneza mwenyewe. Hiyo peke yake inanikasirisha vya kutosha.

Kilichofuata mnakijua: Montreux, Uswisi, Julai 1982, sehemu ya watu wakamzomea, lakini David Bowie alikuwepo. Bowie akamwita kwa albamu ya Let's Dance. Jackson Browne naye akawapa studio yake bure Los Angeles, na hapo, kwa siku chache tu, wakarekodi Texas Flood, iliyotoka Juni 1983. Hizo siku chache nazo zimekuwa kontenti. "Albamu kwa siku tatu! Acha visingizio!" Buda, hawakutunga albamu kwa siku tatu. Waliingia studio wakapiga nyimbo walizokuwa wamezipiga klabuni miaka na miaka. Hizo siku tatu zililipwa na Jumanne za Soap Creek. Na Bowie alipotaka kumchukua kwa ziara yake kubwa, Stevie alijitoa, akarudi kwa bendi yake. Angalia alikataa akiwa wapi: baada ya kazi kufanyika, si kabla.

Kuna nusu nyingine hamuiposti kwa sababu inaharibu kinanda. Pombe na kokeni zilikuwa kwa hizo klabu pia, na zilimfuata hadi juu. 1986 alizimika akiwa kwa ziara Ujerumani, ikabidi aende matibabu. Akatoka safi, akabaki safi, na miaka minne hata haikuisha kabla helikopta ianguke Wisconsin, Agosti 1990. Alikuwa na 35.

Na kabla uandike kwa komenti kwamba hizo ni za wazungu, angalia hapa hapa Nairobi. Ile Sina Makosa mnaimba kwa sherehe mkiwa mmefumba macho ni ya Les Wanyika. Les Wanyika walitoka wapi? Walijitenga na Simba Wanyika mwaka wa 1978. Omar Shabani, waliyemwita Profesa, alikuwa mpiga rithimu. Rithimu! Yule mtu wa chaka-chaka nyuma ambaye hakuna mtoto leo anataka kuwa. Bendi iliyojaa watu waliokuwa wamepigia wengine kwanza.

Sasa najua kuna mtu anachemka: "Kwa hivyo wewe, uliyeacha kampasi, unatuambia tukae shule?" Hapana. Sina hisa kwa kampasi yoyote. Nina binamu ana digrii ya kwanza na anaendesha boda, na anaendesha vizuri. Shida yangu si kuacha. Shida yangu ni kwamba tunasherehekea kuondoka na hatuulizi mtu anaenda wapi. Stevie aliacha shule akaenda mahali palipokuwa na jukwaa usiku mwingi wa wiki na watu wanaomzidi karibu kila kona. Mimi niliacha shule nikaenda kwa kitanda changu, nikaweka taa ya duara, nikaanza kuwafundisha watu maisha. Nani alikuwa ananisahihisha? Algorithimu? Hiyo inasahihisha kitu kimoja tu: kama umewafanya watu wakae sekunde tatu zaidi.

Na najua kwa nini tunauza nusu. Ile miaka minane haina picha. Kijana amesimama kando ya jukwaa akipiga kodi zile zile tatu huku mwingine akipigiwa makofi, utaweka kapsheni gani hapo? Nilijaribu. Niliposti klipu ya rafiki yangu mpiga besi akiwa mazoezini, anarudia mstari mmoja karibu nusu saa. Watu 212 waliiona, na mmoja akauliza kama video imekwama.

Kijana wa diploma nilimpigia simu, sikutaka kuandika. Nikamwambia ukweli wa ile video yangu. Alinyamaza muda mrefu, hadi nikadhani mtandao umekata. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya chini hivi, "Kwa hivyo ulinidanganya?" Nikasema ndiyo. Sikuongeza kitu, maana chochote ningeongeza kingekuwa kapsheni nyingine. Kuhusu diploma nilimwambia hiyo ni yake na wazazi wake kuamua, mimi nimeshaharibu vya kutosha. Nilimuuliza swali moja tu: kwenu kuna nani anapiga gitaa kukuliko, na umewahi kumpigia rithimu?

Jana usiku akajibu. Kuna mzee ana bendi ya harusi na matanga, mtu wake wa rithimu ameenda Gulf. Amempata kwa simu. Ni Jumamosi, mia tano na chakula, na atasimama nyuma ya spika mahali kamera haifiki. Ameniuliza kama hiyo ni dharau.

Nimemwambia abebe nyuzi za akiba.