Pua, Hadubini na Madai ya Uhaba wa Istilahi

Wapo wasomi wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi ya metali. Dai hili halina mashiko. Mnamo 1863, mjini Sheffield, Uingereza, Henry Clifton Sorby alisugua chuma kikang'aa, akakitia tindikali, kisha akakitazama kwa hadubini. Aliuona mpangilio wa chembe zake. Mpangilio huo ndio huamua sifa: pua iliyopashwa moto ikawa nyekundu, kisha ikazamishwa ghafla majini, huwa ngumu lakini huvunjika upesi, iliyoachwa ipoe polepole huwa laini, hupindika. Mhunzi alilijua hilo tangu jadi. Chembe, hadubini, tindikali, pua: istilahi zipo. Kinachokosekana si maneno, bali ni nia ya kuyafundishia.