Kengele ya saa kumi alfajiri haiongezi alama

Ukipita Katelembo, Machakos, kabla ya jua kuchomoza, utakutana na vijana wana mabegi mgongoni na tochi ya simu mkononi, wakikimbilia shule. Katika shule nyingi za bweni nchini, wenzao wako darasani tangu saa kumi, wakisinzia juu ya vitabu. Ukiuliza, unaambiwa: asiyevumilia hapiti. Wengi wetu tumelelewa kwa wimbo huo.

Sisi tunasema wimbo huo unaumiza vijana, na ushahidi si wa kutafutwa mbali. Sehemu yake ilikusanywa hapa hapa Kenya.

Mwaka 1978 Mmarekani mmoja wa miaka 21, Robert Sapolsky, alifika Maasai Mara kuchunguza nyani. Akawa anarudi kwao kwa zaidi ya miaka 20. Alikuwa akimvizia nyani, anampulizia mshale wa dawa ya usingizi, kisha anamtoa damu ili apime homoni za msongo, zile za jamii ya kotisoli. Aligundua kwamba kundi likiwa limetulia, madume wa ngazi ya chini, wanaochokozwa kila siku bila pa kukimbilia, huwa na homoni hiyo kwa wingi hata wakiwa wamepumzika.

Kotisoli si adui. Humsaidia swala anayekimbizwa na simba kwa dakika chache. Shida ni ikikaa juu kwa miezi na miaka. Sapolsky alionyesha kwa panya wa maabara kwamba ikizidi muda mrefu hudhoofisha hipokampasi, sehemu ya ubongo inayosaidia kuweka kumbukumbu. Sasa jiulize: mtahiniwa anahitaji nini kuliko kumbukumbu?

Kuna jambo lingine. Sapolsky alilazimika kuwapima nyani wake saa zile zile za asubuhi. Kwa nini? Kwa sababu kotisoli ina ratiba: hupanda kunapokaribia kupambazuka na kushuka usiku. Ndani ya ubongo kuna saa inayofuata mwanga wa jua, na watafiti watatu waliofumbua jinsi saa ya namna hiyo inavyofanya kazi ndani ya seli walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017. Waswahili tulishajua kuhesabu saa kuanzia jua linapochomoza. Mwili nao unahesabu.

Kwa kijana, saa hiyo huchelewa. Usingizi unamjia usiku zaidi kuliko mtoto au mzee, ilhali anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Ukimwamsha saa kumi alfajiri humfundishi bidii. Unamkata usingizi katikati. Na usingizi ukivurugika kila siku, akili haibaki salama. Sonona na usingizi mbovu huandamana, na kwa mwenye ugonjwa wa akili unaopandisha na kushusha hisia, kukesha kunaweza kuuamsha upya.

Hili si jambo la Wazungu. Profesa David Ndetei wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake wamepima wasiwasi na sonona kwa wanafunzi wa Kenya, na wakavikuta. Kule Makueni, jirani zetu, kikundi chake kimewafunza wahudumu wa afya wa vijijini, waganga wa kienyeji na viongozi wa dini kumtambua mgonjwa wa akili na kumwelekeza hospitalini. Kama mganga anaweza kufunzwa kuona dalili, mwalimu wa zamu anashindwa na nini?

Tena sheria ipo. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinasema prepu iishe saa tatu na nusu usiku, na muda wa kulala uende hadi saa kumi na mbili asubuhi. Hizo ni saa nane na nusu. Hatuombi upendeleo, tunaomba kilichoandikwa kifuatwe.

Walimu wakuu wa Machakos na kwingineko, zimeni kengele ya saa kumi. Maafisa wa elimu, fikeni shuleni alfajiri bila kupiga hodi, mhesabu madarasa yenye taa. Wazazi, mkienda mkutano wa shule msiulize alama tu, ulizeni watoto wanalala saa ngapi.

Na wewe msomaji wetu, usicheke rafiki anayesema amechoka hadi hataki kuamka. Huenda si uvivu. Msikilize, kisha umsindikize kwa mtu mzima mnayemwamini au kituo cha afya kilicho karibu. Halafu usiku wa leo weka simu mbali, ulale.